Msagaji ni nani hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hili neno na kazi yenyewe

Nikiwa darasa la sita tulipewa fomu tujaze kazi ya mzazi, nikaandika msagaji, manake mama yangu alikuwa anaendesha mashine ya kusaga na kukoboa tangu sijazaliwa. Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko na yeye mwenyewe akacheka, mi nikabaki nimeduwaa sijui nimekosea wapi. Jioni nikamwambia mama fomu nyingine zikija tuandike mfanyabiashara. Alikuwa ametoka kazini na vumbi la unga mpaka kwenye kope, akaniuliza, "Kwani mimi nauza nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo hili neno silichukulii poa. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa na wanafunzi, na watu wanaotafsiri, na wanaotaka kufungua mashine, na ndugu walioko nje ambao watoto wao wanajifunza Kiswahili. Mengine nimejibu kirefu mengine kifupi, inategemea na swali lenyewe.

Msagaji maana yake nini?

Ni mtu ambaye kazi yake ni kusaga nafaka iwe unga. Limetoka kwenye kitenzi saga, ukaweka m- mbele na -ji nyuma, kama msomaji, mchezaji, mwimbaji. Hiyo -ji ya mwisho ndo yenye uzito, inaonyesha huyu mtu anafanya hicho kitu siku zote na anajulikana nacho. Ukisema "aliyesaga" unaweza ukawa unamsema mtu aliyesaga leo asubuhi tu akaondoka, ila ukisema "msagaji" hapo unamsema mtu wa miaka. Wingi ni wasagaji, kazi yenyewe ni usagaji.

Kwaiyo kusaga na kutwanga na kukoboa ni kitu kimoja?

Hapana, na watu wengi waliokulia kwenye unga wa mfuko wanachanganya hapa. Kutwanga ni kwa kinu na mchi, unanyanyua mchi unashusha, nafaka inapondeka kwa pigo. Kusaga ni kukandamiza na kusugua nafaka katikati ya vitu viwili vigumu mpaka ilainike. Kukoboa ni kutoa ganda, ndo maana mpunga hatusemi tumeusaga, tunasema tumeukoboa tukapata mchele, na mahindi ukitaka sembe nyeupe lazima yakobolewe kwanza alafu ndo yasagwe.

Kuna neno jingine zuri sana ambalo naona linapotea, kupaaza. Kupaaza ni kusaga juu juu tu, nafaka ibaki chengachenga isifike kuwa unga. Bibi yangu alikuwa akisema "usiusage, upaaze tu" na wote tulimwelewa. Leo ukienda mashineni ukasema nipaazie wengi watakuangalia, utalazimika kusema "nisagie chenga".

Na kabla nafaka haijafika kwa msagaji imeshapita mikono mingine, mtama na mpunga umepurwa, mahindi yamepukuchuliwa, vyote vimepepetwa kwenye ungo makapi yakaondoka na upepo. Baada ya kusaga kuna kuchekecha, na pwani utasikia wanasema kuchunga unga. Kila hatua ina kitenzi chake na hakuna kinachoingia mahali pa mwenzake.

Kitu kimoja ambacho huwa nakifikiria: mashine nyingi za sa hivi ni zile zenye nyundo ndani zinazozunguka kwa kasi na kuipiga nafaka mpaka ipite kwenye chekeche. Zinapiga, hazisugui! Yaani ukifuata maana ya zamani zile mashine zinatwanga, lakini hakuna anayesema anaenda kutwangisha, sote tunasema kusaga. Neno limebaki na matokeo, yaani unga, limeachana na namna ya kuupata.

Mbona nikisema msagaji watu wanacheka?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na ndo lililonifanya niandike. Neno hili lina maana ya pili, mwanamke anayependana kimapenzi na mwanamke mwenzake. Maana hiyo sio ya mtandaoni na sio ya juzi, kamusi za Kiswahili zinaandika zote mbili, na imetoka kwenye ile sura ya kusuguana. Kwa watu wengi wa mjini, hasa vijana, maana ya pili ndo inayowajia kwanza kichwani, na mara nyingi inasemwa kwa kudhalilisha.

Mi nina mambo mawili hapa. Kwanza, neno lolote la kazi lisigeuzwe fimbo ya kumchapia mtu, iwe ni huyo mwanamke anayesemwa au ni mtoto aliyeandika kazi ya mama yake kwenye fomu. Pili, maana moja haifuti nyingine. Kiswahili kimejaa maneno yenye maana mbili tatu na tunaishi nayo vizuri tu, tunajua paa la nyumba na paa wa porini, tunajua mbuzi wa kufuga na mbuzi ya kukunia nazi, hakuna anayeshindwa kula wali wa nazi kwa sababu hiyo. Mazingira ya sentensi yanatosha. Ukisema "msagaji wa mahindi amefunga mapema leo" hakuna mtu mzima atakayekuelewa vibaya.

Ila ukweli usemwe, wasagaji wenyewe wengi wamelikimbia neno lao. Mtaani Tanzania utasikia "mtu wa mashine", "yule wa mashineni", "mwendesha mashine", au "opareta". Kwenye semina na makaratasi ya serikali wanaitwa "wasindikaji", neno pana mno ambalo linamjumuisha hadi anayetengeneza juisi na jemu. Mama yangu akiitwa msindikaji alikuwa anageuka kuangalia nani kaitwa.

Ni hilo tu au kuna maneno mengine ya mashineni yaliyobadilishwa maana?

Yapo mengi, yaani ukikaa ukahesabu utashangaa, karibu kila kitu kilichopo pale mashineni mtaa umekichukua.

Anza na unga. Muuza unga zamani ni mama mwenye beseni sokoni, leo ukisema fulani anauza unga watu wanashusha sauti manake wanaelewa dawa za kulevya. Sembe nayo hivyo hivyo. Kuna jirani yetu alikuwa na duka la unga, ameandika ubaoni "tunauza sembe jumla na rejareja", vijana wakawa wanapita wanapiga picha wanacheka, mzee wa watu hajui kinachochekesha ni nini.

Pumba ni yale maganda na vumbi linalotoka ukikoboa, chakula kizuri tu cha kuku na ng'ombe, na mwenye mashine anaweza akapata hela nzuri kwa pumba peke yake. Mtaani "kuongea pumba" ni kuongea upuuzi. Kutwanga imekuwa kumpiga mtu ngumi, na imekuwa pia kupiga simu, "nitwangie baadae". Kusaga lami ni kutembea kutwa nzima kwa miguu, mara nyingi ukitafuta kazi. Kusaga meno hilo la zamani, wasomaji wa Biblia wanalijua kwenye "kilio na kusaga meno".

Na posho! Posho asili yake ni chakula anachogawiwa mtu, mgao, wa mfanyakazi au askari au mpagazi. Enzi za mashamba makubwa vibarua walikuwa wanapewa posho ya unga wa mahindi. Kutokea hapo kila nchi ikaenda na njia yake. Uganda posho ni ugali wenyewe. Kenya mashine ya kusaga ni "posho mili". Tanzania posho imegeuka hela, posho ya kikao, posho ya safari. Neno moja, ukivuka mipaka miwili umepata sahani, mashine na bahasha.

Mi sisemi mtaa umekosea, lugha ndo inavyokua. Nachosema ni kwamba mtaa usingeyachukua maneno yote haya kama kusaga na kutwanga visingekuwa katikati ya maisha ya watu. Hukopi neno kutoka kwenye kitu usichokijua.

Msagaji na msagishaji wana tofauti gani?

Saga ni kufanya mwenyewe. Sagisha ni kufanyiwa, unapeleka mahindi yako kwa mwenye mashine. Kwaiyo "naenda kusaga" na "naenda kusagisha" tukienda kwa sarufi kali ni vitu viwili, ingawa mtaani mtoto akitumwa na ndoo kichwani anasema tu "naenda mashine" au "naenda kusaga" na hakuna anayemsahihisha.

Kuna ushahidi mzuri wa hii -isha kwenye historia. Tanzania ilikuwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walizoea kuliita NMC, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Angalia, usagishaji, sio usagaji. Mi napenda kuamini aliyelichagua alikuwa na sikio zuri la Kiswahili, manake shirika kama lile linasagisha nafaka ya watu wengi, halisagi kama mtu na jiwe lake.

Anayeleta mahindi yeye ni mteja tu, na mwenye mashine anaweza akawa siye msagaji. Wengi wenye mashine hawajawahi kushika hata mkanda, wameajiri kijana, na huyo kijana ndo msagaji.

Zamani nani alikuwa anasaga?

Wanawake, kwa mikono, kila siku. Jiwe kubwa la chini limetulia, la juu linashikwa kwa mikono miwili. Kuna kijaa pia, mawe mawili ya duara ambapo la juu linazungushwa juu ya mwenzake. Waswahili waliyapa mawe haya majina ya kifamilia, la chini ni mama na la juu ni mwana. Mi hilo jina linanigusa, manake mama hasogei, amebeba uzito wote, mwana ndo anayezunguka na kuonekana anafanya kazi.

Anayesagia jiwe la kusukuma anapiga magoti, anainama na uzito wa mwili mzima unaenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, mabega na kiuno vinajua. Mtama, uwele na ulezi ndo zilikuwa nafaka za watu huku kabla mahindi hayajaingia, manake mahindi asili yake ni bara la Amerika, Wareno walipoanza kuja pwani kwenye miaka ya 1500 ndo yakaanza kufika taratibu. Jiwe likishakuwa laini kwa kutumika linakataa kusaga, nafaka inateleza tu, inabidi ligongwegongwe upya lipate mikwaruzo. Kwaiyo hata jiwe lilikuwa na sevisi.

Kwa vile ilikuwa kazi ya kila nyumba, hakukuwa na haja ya kumwita mtu msagaji kama cheo, ni kama leo usivyomwita mtu "muosha vyombo" kwa sababu ameosha vyombo vyake. Kazi ilianza kuwa kazi ya mtu maalum pale mashine ilipofika. Na hapo hapo mashine ilipofika, kazi ikahama kutoka kwa wanawake ikaenda kwa wanaume. Mama yangu alikuwa mmoja wa wachache aliyebaki nayo, na wateja wageni walikuwa wakifika wanamuuliza yuko wapi mwenye kuwasha.

Ukisoma Injili ya Mathayo sura ya 24 utawakuta wanawake wawili wanasaga pamoja, na kwenye Kumbukumbu la Torati 24 kuna katazo la kuchukua jiwe la kusagia la mtu kama rehani, manake ukichukua jiwe umechukua uhai wake. Mtu wa kijijini hahitaji kufafanuliwa hilo.

Mashine zilifikaje mpaka zikaenea hivi?

Kwa kifupi, kuna njia mbili. Kuna viwanda vikubwa na kuna mashine za mtaani.

Viwanda vikubwa vilianza na walowezi na wafanyabiashara. Kenya kuna kampuni ya Unga Limited, ilianzishwa 1908 na Lord Delamere kwa ajili ya kusaga ngano, na ona jina lenyewe, mlowezi wa Kiingereza anafungua kampuni anaiita kwa neno letu. Tanzania baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vikataifishwa, ndo likaja hilo shirika la usagishaji nililolitaja. Andy Chande, ambaye biashara ya familia yake ilikuwa moja ya zilizotaifishwa, akapewa yeye yeye kuliongoza. Wazee wanakumbuka pia unga wa njano wa msaada kutoka nje miaka ya shida, watu wakaubatiza "yanga" kwa sababu ya rangi ya timu.

Mashine za mtaani zilienea kimya kimya. Injini ya dizeli, mkanda mrefu, kibanda cha bati, na ule mlio unaousikia kijiji cha pili. Zile injini za Lister za zamani zilikuwa na mlio wa taratibu, tuku tuku tuku, mtu akiwa shambani anajua leo mashine inafanya kazi. Baadae umeme ulipofika wengi wakahamia kwenye mota. Tanzania SIDO, iliyoanzishwa 1973 kusaidia viwanda vidogo, nayo imechangia mafundi wengi wa ndani kujifunza kutengeneza hizi mashine, kwaiyo sa hivi mashine nyingi unazoziona mtaani zimechomelewa hapa hapa.

Msagaji anatakiwa ajue nini? Si anamimina tu mahindi?

Swali hili huwa linaniuma kidogo, ila najibu. Hapana, hamimini tu.

Akipokea ndoo ya mahindi kitu cha kwanza anaingiza mkono mpaka chini. Anasikiliza ukavu. Mahindi makavu yakimwagwa yanalia kama kokoto, mabichi yanatoa sauti iliyofifia. Mama alikuwa anatia punje moja mdomoni anaitafuna na gego, ikikatika kwa mlio anakubali, ikibonyea anakwambia kaanike tena siku mbili urudi. Wateja walikuwa wanakasirika, wametembea mbali, lakini mahindi yenye maji yanageuka kama uji mzito ndani ya chekeche, yanaziba, mashine inapata moto, na unga wenyewe unaoza kabla wiki haijaisha.

Alafu anatakiwa ajue mpangilio wa nani anamfuata nani. Mwenye ulezi wa uji wa mtoto hataki kukuta mahindi ya mtu mwingine ndani ya unga wake, na mwenye muhogo wa makopa akitangulia, anayefuata na mahindi atakuta weupe ambao sio wake na ugali unavutika. Msagaji mzuri anawapanga, wa mtama pamoja, wa mahindi pamoja, wa lishe wenye mchanganyiko wa soya na karanga mwisho kabisa, manake karanga zina mafuta, ukizisaga peke yake zinaganda kwenye chekeche kama lami. Anachukua konzi moja ya nafaka ya mteja anapitisha kwanza isafishe ndani, na konzi hiyo anamwonyesha mwenyewe ili asije akasema ameibiwa.

Unga ukianza kutoka anaweka kiganja chini ya mdomo wa mashine. Hapo anapima mambo mawili kwa pamoja, ulaini na joto. Ukiwa wa moto kupita kiasi anajua nyundo zimekwisha au amefungulia nafaka nyingi. Na ukitoka wa moto usiufunge hapo hapo kwenye mfuko, utatoa jasho ndani alafu uote ukungu, uache upoe kwanza kwenye beseni. Nyundo zikiisha zinabadilishwa upande au zinawekwa mpya, na wanaojali wanaweka sumaku kwenye njia ya nafaka na ya unga ili vipande vya chuma visiingie kwenye chakula cha watu.

Chekeche nazo ziko za tundu tofauti. Tundu ndogo unga laini, tundu kubwa chenga za uji au chakula cha kuku. Kijana akisahau kubadilisha, mama wa watu anafika nyumbani na unga wa vifaranga.

Na kuna hesabu. Debe ni la lita 20, na kwenye mahindi linakuja kilo 18 mpaka 20 hivi. Kenya gunia linahesabiwa kilo 90, Tanzania tunazungumza kilo 100, alafu kuna lumbesa, lile gunia lililoshonewa kichwa juu, ambalo msagaji akilipokea lazima apime upya, mdomo wa mtu haupimi.

Mwisho kuna mapafu. Vumbi la unga linaingia kila siku, na masikio yanachoka kwa kelele. Kama unafungua mashine mnunulie kijana wako barakoa na vya kuziba masikio kabla hujanunua rangi ya kupaka ukuta. Mama alikuwa anajifunga kanga puani, kikohozi hakikumwacha.

Dona na sembe, msagaji anakushauri nini?

Dona ni mahindi yamesagwa yote na ganda lake na kiini chake, sembe yamekobolewa kwanza. Dona ina virutubisho zaidi na inashibisha, ila kiini kina mafuta kwaiyo unga wake unachacha mapema, saga kidogo kidogo wa wiki moja au mbili. Sembe inakaa, ni nyeupe, ila sehemu nzuri umewaachia kuku. Mi nyumbani nasaga dona, na wageni wakija bado napika dona.

Kusaga kunaondoa sumukuvu?

Hakuondoi, na hapa naomba usome taratibu. Sumukuvu inatoka kwenye ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na kuisaga au kuipika haiiui. Mwaka 2004 kule Ukambani, Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, iliua watu 125. Kukoboa na kuchambua punje mbovu kunapunguza, lakini ukisaga mbovu pamoja na nzima umeshasambaza sumu kwenye unga wote na macho hayawezi tena kuiona. Ndo maana msagaji akikwambia mahindi yako hayafai usimwone anaringa. Kausha juani kwenye turubai, sio chini kwenye udongo, na chambua kabla hujafika mashineni.

Nje ya Tanzania wanasemaje?

Kenya magazeti ya Kiswahili yanaandika "wasagaji wa mahindi" bila aibu yoyote wakimaanisha wenye viwanda, utaliona hasa bei ya unga inapopanda, kama 2017 serikali ilipoweka ruzuku pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Mtaani ni posho mili, na sehemu nyingine utasikia kisiagi, na mahindi wanapima kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia. Ukambani mahindi yaliyokobolewa yana chakula chake, muthokoi.

Rwanda na Burundi kusaga ni gusya, na Rwanda jiwe la kusagia ni urusyo. Kwa Wajaluo kusaga ni rego na jiwe ni pong'. Lubumbashi, kule Kongo, unga ukishasongwa ugali unaitwa bukari. Ukiuliza bibi yeyote wa kabila lolote hapa kwetu atakupa neno la kusaga na neno la jiwe, na mara nyingi na wimbo juu yake. Muulize mapema.

Kinu ni cha kutwangia tu?

Hapana. Kinu ni neno lililosafiri. Kuna kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, kilichokuwa kinazungushwa na ngamia Zanzibar, na leo tunasema kinu cha nyuklia. Kutoka mchi mpaka nyuklia, neno halijabadilika hata herufi.

Kuna watu wanaitwa Msagaji kwa jina?

Mi sijakutana naye. Wenzetu wako wengi, Wajerumani wana Müller na ndo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi kwao, Waingereza wana Miller, Waarabu wana Tahhan, yote maana yake ni msagaji. Huko msagaji alikuwa mtu mmoja wa kijiji na jina likamshika yeye na wajukuu. Kwetu kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, kwaiyo jina lisingemtofautisha mtu na jirani.

Misemo gani inahusiana na hii kazi?

Ninayoisikia zaidi ni "kutwanga maji kwenye kinu", kazi isiyo na faida. "Haba na haba hujaza kibaba", kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne vinafanya pishi. "Mchele mmoja mapishi mbalimbali". Na "penye kuku wengi usimwage mtama", hii ukiwahi kukaa nje ya mashine umeanika mtama unaielewa bila maelezo.

Nikijaza fomu niandike nini?

Andika "msagaji wa nafaka". Hilo "wa nafaka" linakata maneno yote, ni Kiswahili fasaha, na afisa yeyote ataelewa. Kama mashine ni yako andika "mmiliki wa mashine ya kusaga na kukoboa". Kama unatafsiri maandishi ya kiwandani, wasagaji wa mahindi au wasagaji wa ngano inatosha, usikimbilie msindikaji.

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho alikuwa anajaza fomu ya chuo, akafika kwenye kazi ya mzazi akanipigia simu kuniuliza tuandikeje, na mama alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua mchele. Akaniambia nimpe simu. Akamwambia, "Andika msagaji, mwanangu, na uandike kwa herufi kubwa."